Halijalala, Limepumzika

Dirisha la jikoni lilipofunguliwa lilikutana na tairi. Ndivyo ilivyokuwa tangu Dereva aliporudi na lori lake kwa mara ya mwisho, akaliingiza kinyumenyume mpaka ua mzima ukaisha. Mkewe, fundi cherehani, alianika vitambaa kwenye kioo cha pembeni na kwenda chooni ubavuubavu, tumbo ndani. Majirani waliliita lori Bi Mdogo.

"Bi Mdogo kaamkaje leo?"

"Kaamka na kiu," mke alijibu. Wakacheka naye, kisha akarudi uani kumhudumia mke mwenzake.

Maana Dereva hakuona vizuri tena. Macho yaliingia ukungu, leseni ikakataliwa, yakabaki masikio. Kila Jumamosi alipanda kwenye usukani, akawasha injini, akaliacha lingurume papo hapo mpaka moshi ujae jikoni. Kazi ya chini ilikuwa ya mke: kulala chali juu ya gunia, kulegeza skrubu iliyo chini ya filta na kukinga dizeli yenye maji kwa chupa ya jemu. Siku ya harusi ya binti yao, mke alinukia dizeli chini ya manukato.

"Rangi gani?" Dereva aliuliza kutoka juu.

"Juu chai ya rangi. Chini maji."

"Katikati?"

"Kitu kama makamasi."

"Usinitapishe, mama."

"Si umeuliza, baba?"

Sasa binti alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, katika mji wa mbali. Alipiga simu wakati mama yake bado anajifuta mikono. "Mama, nimekaribia. Unakuja, au nitafute mtu?"

"Nakuja, mwanangu." Alikuwa akisema hivyo tangu mimba ikiwa changa. Lakini kila aliposhusha begi kutoka juu ya kabati, Dereva alikohoa. "Na lori? Maji yasipotolewa, vijidudu vitazaana kwenye dizeli. Filta itaziba, pampu itakufa. Au mimi nisiyeona ndiye nitakayelala chini ya filta?" Begi likarudi kabatini.

Jioni hiyohiyo dereva mwenzake wa zamani alipiga simu kuomba ushauri. Mke alikuwa akishona chumba cha pili.

"Unataka kulilaza gari?" Dereva alisema kwa sauti ya mtu anayeheshimiwa. "Toa maji yote, tia dawa ya kuua vijidudu, halafu jaza tangi mpaka shingoni. Tangi nusu lina hewa. Usiku bati likipoa, hewa inatoa jasho, jasho linashuka chini ya dizeli, uchafu unaota hapo. Likijaa, litolee wapi jasho? Lilaze miezi, utalikuta vilevile."

Cherehani ikanyamaza.

"Baba, mbona letu liko nusu?"

Dereva aliweka simu mezani taratibu. "La yule linalala. Letu limepumzika."

"Limepumzika tangu binti yako hajaolewa!"

"Gari la safari hujazwa siku ya safari. Ukilijaza limesimama, unakuwa umelizika."

Mke alizima taa. Alilala akitazama ukutani, akikumbuka Jumamosi zote zile za gunia mgongoni na matone usoni, kazi ambayo kumbe ingeweza kuepukwa.

Asubuhi akaja na msukuma mkokoteni, madumu ya dizeli na chupa ya dawa kutoka duka la vipuri. Alifungua kizibo cha chini ya tangi, akaacha maji na ule utelezi utoke mpaka dizeli ikaja safi. Akafunga, akatia dawa, akaweka faneli yenye kitambaa cha bitana, akaanza kumimina. Dereva aliketi kizingitini, akisikiliza. Mlio ulianza mzito kama wa kisima, ukapanda.

"Acha hapo."

"Bado."

Ukapanda tena, ukawa mwembamba.

"Shingoni," Dereva alisema mwenyewe, polepole.

Mke akafunga kifuniko. "Haya. Sasa halihitaji mtu. Nakata tiketi ya kesho."

"Halihitaji mtu." Dereva alipapasa fremu ya mlango kana kwamba imehamishwa. "Na mimi je?"

Mke alisimama na faneli mkononi, dizeli ikimdondokea miguuni. Kumbe kamba iliyomzuia kuondoka haikuwa imefungwa kwenye lori, bali kwa mtu huyu.

"Wewe uko nusu, baba," alisema mwishowe. "Ukiachwa utatoa jasho. Tafuta koti lako."

Kwenye basi Dereva alidai siti ya nyuma, karibu na injini. Kabla hawajatoka mjini aliinamisha kichwa, akisikiliza. "Nozeli moja imechoka."

"Pumzika, baba."

"Imechoka, nakwambia. Mwite utingo."

Mke aligeukia dirishani. Nje, lori jingine likajongea sambamba nao, taratibu, mpaka likaziba kioo chote. Akavuta pazia.