Mama Mkwe Aliyekuwa Barazani

Tulikuwa tumevuka makorongo yenye maji mpaka kwenye milango ya pikapu, na mabati ya kijiji yameanza kung'aa mbele yetu. Ghafla Clifton akashika breki, akashusha kofia mpaka puani, akakata kona kuelekea nyuma ya duka.

"Mbona tunazunguka?"

"Mama mkwe wangu yuko barazani."

Nimekaa Alice Springs kiasi cha kutoshangaa mtu kumkimbia mkwewe. Nikachungulia nikitafuta kikongwe. Barazani palikuwa na mbwa waliolala na msichana wa shule mwenye mpira kwapani. Alipoliona gari alivuta fulana akajifunika uso, akatupa mgongo. Na Clifton ana mvi kwenye ndevu.

"Yule?"

"Shusha kidole, bwana!"

Kwa Warlpiri, wenyeji wa asili wa jangwa hili la Australia, ukoo hauulizi umri. Msichana amezaliwa kundi la Nakamarra, Clifton la Jangala, na kila Jangala humwoa binti wa Nakamarra. Basi msichana amekuwa mkwewe tangu siku aliyozaliwa. Hawasemezani, hawatazamani, hawakai kivuli kimoja.

Nilifikia kwa Napurrurla, shangazi yake yule msichana. Msichana mwenyewe jina lake Rosheena. Tulipokuwa tunakunywa chai, binamu zake wakamchokoza: "Mkweo kaja, hujampikia?"

"Huyo ananikimbia tangu nikiwa kwenye nepi," akajibu. Wakacheka. Yeye hakucheka.

Mama yake alikuwa Alice Springs, amefungwa na mashine ya figo miaka mingi, mbali na nchi yake. Jana yake alikuwa amepiga simu: amechoka, waiondoe. Mtu akiiacha ile mashine hakai sana, na Rosheena alitaka kumwahi. Ndege haikuweza kutua, uwanja umekuwa tope. Gari la duka lilikwenda msibani, likakwama ng'ambo ya mto. Lililobaki ni la Clifton, nalo lingerudi mjini asubuhi kabla mvua haijaifunga njia.

"Nitakaa nyuma, nijifunike turubai," Rosheena alisema.

"Mkikwama?" shangazi akauliza.

"Nitasukuma."

"Nani atakwambia sukuma? Jangala? Kwa mdomo upi?"

Akatoka nje, akawa anaupiga mpira ukutani, unarudi, anaupiga tena. Nikamfuata nikamwambia, kijinga, kwamba hakuna aliyemfungia mlango. Akanitazama kama niliyemwambia aende dukani uchi.

"Nitaona haya, mjomba. Halafu mama ataniuliza nimefikaje. Nitamjibu nini, na yeye yuko vile?"

Magharibi mawingu yalikuwa yanajipanga. Akaupiga mpira tena.

Jioni ile Clifton akaja, akasimama upande wa pili wa nyumba, akausemesha ukuta. "Mwambieni shangazi yake gari lipo. Nami nina mama, najua. Lakini nikilikuta jicho la mkwe wangu kwenye kioo, nitagonga mti."

Napurrurla akaweka kikombe chini. Yeye kwa Clifton, kwa hesabu ya ukoo, ni bibi upande wa mama, na bibi wa namna hiyo ana ruhusa ya kutania.

"Wewe mjukuu wangu mwenye miguu ya ndege emu," akapaza sauti, "kiti cha mbele ni changu. Mimi ndiye nitakuwa mdomo wako na macho yako. Ukisinzia nakuchapa."

"Sawa, bibi," ukuta ukajibu.

Ila kile kiti nilikuja nacho mimi, na ndicho nilichotegemea kurudi nacho. Nyuma, kati ya pipa la dizeli na matairi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Nikajitolea: mimi niwe mdomo wao, shangazi apumzike.

Walinicheka mpaka mbwa wakaamka. "Wewe unajua hapa nani wa kumtania na nani wa kumwogopa?" Napurrurla akaniuliza. Sikujua. Nikaenda kushusha begi langu.

Asubuhi Napurrurla alitundika blanketi kwenye dirisha la nyuma. Clifton aling'oa kioo cha ndani akakitia mfukoni, akaviinamisha vya pembeni vikatazama chini, kisha akaenda nyuma ya duka. Rosheena akapanda, akashika kamba, akaketi mgongo kwa dereva. Shangazi akagonga paa. Clifton akaja mbio, macho kwenye viatu vyake.

Hivyo tuliuona uso wa Rosheena kwa muda mrefu, maana barabara ni ya moja kwa moja, naye alikuwa anatutazama sisi, si anakokwenda. Hakupunga mkono.

Kwenye korongo la kwanza magurudumu yakazunguka bure. Mkono wa Napurrurla ukatoka dirishani, ukapiga paa. Rosheena akaruka chini, akazika uso kwenye fulana, akasukuma kwa bega. Gari likayumba, likabaki palepale. Mkono ukapiga tena. Akasukuma. Likatoka. Akalikimbilia, akapanda, vichaka vikawafunika.

Mchana mvua ikanyesha. Nilikuwa barazani, begi kwenye magoti. Nikamuuliza binamu mmoja wa Rosheena gari lingine litakuja lini.

"Njia ikikauka," akasema, akanisogezea mkia wa kangaruu wa kuchoma, nile.