Kisima cha Mama Mkubwa na Sumu ya Nguzo

Kiwanda cha kutia dawa nguzo za umeme kilifungwa nikiwa bado mtoto. Sisi tuliokulia Morogoro tulikijua kama ukuta mrefu wenye nyufa, mabati yaliyoliwa na kutu, na mabwawa ya zege ambamo zamani nguzo zililowekwa mpaka zikatoka na rangi ya kijani. Mbuzi waliingia na kutoka walivyotaka. Mvua ikinyesha, madimbwi ya mle ndani yalikuwa ya manjano, na sisi watoto tuliamini kwamba ni mkojo wa shetani, basi tukawa tunashindana nani atathubutu kutia kidole.

Sikujua kwamba nitakuja kulipwa mshahara kwa ajili ya madimbwi yale yale. Nilisoma mambo ya udongo na maji chuoni, hapa hapa mjini, na kampuni moja ndogo iliyopewa kazi ya kukisafisha kiwanja kile ikaniajiri. Kiongozi wetu alikuwa mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, ambaye hakuweza kufikiri bila kutafuna buni za kahawa. Siku ya kwanza alituonyesha milima ya Uluguru kwa mkono, kisha akateremsha mkono ule taratibu mpaka kwenye nyumba zilizo upande wa pili wa ukuta.

"Maji yanatoka kule juu, yanapita chini ya kiwanda, yanaenda kwa hawa majirani," alisema. "Tujue yanabeba nini."

Tukaanza kuchimba visima vyembamba vya uchunguzi, na hapo ndipo watu walipotugundua. Mashine ilipiga kelele kutwa nzima, na kila jioni tulifunga visima vyetu kwa vifuniko vya chuma vyenye kufuli. Mtaani hakukuwa na haja ya ushahidi zaidi kwamba tunafukua mali iliyofichwa na Wajerumani. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye nyumba yake iligusana na ukuta, alinisubiri getini akiwa amevaa kanzu safi na kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Binti, Wajerumani waliacha dhahabu au fedha?"

"Hatutafuti mali, mwalimu. Tunatafuta sumu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sawa, nimekuelewa kabisa. Mkiipata hiyo sumu, msitusahau majirani."

Tuliipata, na hatukumsahau. Dawa ile ya nguzo ilikuwa na kromu, na kromu ya aina mbaya huyeyuka kwenye maji na kusafiri nayo bila harufu wala ladha. Kisima cha mwalimu kilikuwa nayo nyingi kupita kiasi. Tulipompelekea majibu, alisoma karatasi yote, akavua miwani, akauliza kama kuna uwezekano wowote kwamba tumekosea na kweli ni dhahabu. Kisha akakubali kisima kifungwe, na vya majirani wengine kadhaa vikafuata.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwake ni ya mama mkubwa wangu, dada yake mama. Kiwanja cha nyumba hiyo ni cha ukoo wetu wa upande wa mama, na kisima chake kilichimbwa na bibi. Mama mkubwa ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na kwa maoni yake hakuna maji mengine duniani. Chai ya maji yale haihitaji sukari, maharage yanaiva kabla mkaa haujakolea, na wagonjwa wa homa hunywa kikombe kimoja wakaomba ugali. Nilipokwenda kuchukua sampuli, alinifuata nyuma kama askari.

"Unapima nini kwenye maji ya bibi yako?"

"Napima kama yapo salama, mama mkubwa."

"Wewe yamekukuza. Ungekuwa na kichwa cha kusoma huko chuo?"

Majibu yalirudi mazuri. Kisima chake kilikuwa pembeni kidogo ya njia ambayo sumu ilipita, na hakikuwa na kitu. Nilifurahi, nikakimbia kumwambia. Laiti ningetembea. Nilikuwa sijamaliza sentensi, mama mkubwa alishajifunga kanga ya pili kiunoni na kutoka nje.

"Serikali imepima!" alikwenda kumtangazia mwalimu ng'ambo ya uzio wake wa michongoma. "Maji ya marehemu mama hayana doa!"

Hawa wawili walikuwa na uhasama mtamu wa miaka mingi, ulioanzia kwenye jogoo, na mimi nikawa nimempa silaha. Kuanzia siku ile kila nyumba iliyofungiwa kisima ilialikwa kuchota kwa mama mkubwa bure. Kuuza maji aliona ni aibu. Alitaka tu waje, na hasa alitaka mwalimu aje. Mwalimu alivumilia kwa muda, akinywa maji ya chupa kama waziri, mpaka mwisho akaja na ndoo. Mama mkubwa alimjazia mwenyewe, taratibu sana, akimweleza kila tone.

Foleni ilipokuwa ndefu kuliko kamba yake ya kuvutia, akamwomba binamu yangu wa Dar amletee pampu ya umeme. Ikafungwa, ikaunganishwa na tangi jeusi juu ya mnara wa mbao, na ikawa inanguruma asubuhi hadi jioni. Mimi niliiona. Nilikunywa chai pale nikiwa naisikia. Nikasifia hata mnara.

Tulipopima tena visima vyote vya mtaani, kama ilivyokuwa desturi yetu, kiongozi aliniita ofisini. Ofisi ilikuwa kontena moja lenye feni. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Kisima cha mama yako mkubwa kimeanza kuonyesha kromu. Kidogo tu, lakini ipo. Kuna kitu kimebadilika pale?"

Nikafumba macho. Nikaisikia ile pampu.

Jambo lenyewe si gumu. Maji ya chini hufuata mteremko wake, polepole. Lakini ukivuta kwa nguvu mahali pamoja, yale ya pembeni nayo yanageuka kukufuata. Sumu ilikuwa inajipitia zake kuelekea kwa mwalimu, mama mkubwa akaivuta kwake kama anavyovuta wageni. Shida ilikuwa namna ya kumwambia. Kiongozi alitaka tuende na ramani. Nilimwambia mama mkubwa atazifanya ramani zetu vifuniko vya sufuria.

Nikaenda na mchanga wa mtoni, mweupe, na chupa ya juisi ya rozela. Niliomba beseni la kufulia, nikamwaga mchanga, nikaulowesha, nikaliegemeza beseni kwenye tofali ili liwe na mteremko. Mama mkubwa aliketi kwenye kigoda akiniangalia kwa huruma. Kiongozi alikaa kwenye mkeka, magoti yakimfika karibu na masikio.

"Huku juu ni kiwanda," nilisema, nikamimina rozela. Wekundu ukaanza kushuka taratibu upande mmoja wa beseni. "Huku chini ni kwa mwalimu."

"Anastahili," alisema mama mkubwa.

"Na hapa pembeni ni kwako." Nikachomeka mrija wa soda kwenye mchanga mweupe. "Vuta, mama mkubwa."

Akavuta. Akatoa maji yenye mchanga, akatema, akalalamika. Nikamwambia aendelee, maana pampu haipumziki. Akavuta tena na tena, akitema kwenye kopo, na sote tukainama kuangalia. Ule wekundu uliokuwa ukienda zake kwa mwalimu ulipinda. Ulitoa ulimi mdogo kuelekea kwenye mrija, ulimi ukawa mnene, halafu mama mkubwa akaachia mrija ghafla akajifuta midomo kwa upindo wa kanga. Kilichotoka kilikuwa cha waridi.

Aliinuka, akaenda ukutani, akazima pampu.

"Nimewapa watu," alisema baadaye, sauti ikiwa ndogo. "Mpaka mwanamke yule aliyejifungua juzi nimempelekea ndoo nyumbani."

Kiongozi alimweleza kwa upole kwamba imegundulika mapema, kiasi chenyewe ni kidogo, na watu watapimwa hospitali. Alisikiliza. Kisha akavaa viatu na kutoka, na mimi nikamfuata. Nilidhani atataka mimi niseme, kwa kuwa ndiye niliyesoma. Hakunipa nafasi. Alipiga hodi nyumba moja baada ya nyingine, akisimama mlangoni bila kuketi.

"Yale maji niliyokupa, yamwage. Na ndoo uioshe. Mimi ndiye niliyeivuta hiyo sumu kwa pampu yangu, mtoto wangu huyu amenionyesha kwa juisi."

Kwa mwalimu tulifika mwisho. Nilimwomba Mungu mwalimu asicheke. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, akasema, "Dada, hata mimi nilikuwa naona fahari kuwa nimekuja kwako na ndoo ndogo, ili usije ukadhani nimeshindwa sana. Karibu ndani." Mama mkubwa akaingia. Walikunywa chai ya maji ya chupa, na mimi nikaachwa barazani na viatu vyao.

Watu walipimwa, na hakuna aliyekutwa na tatizo. Bomba la mamlaka lilisogezwa mpaka mtaani. Kiongozi naye alirudi kwa mama mkubwa na ombi ambalo hakulitegemea. Tulihitaji mahali pa kuivuta sumu makusudi, kabla haijafika mbali, na hesabu zote zilionyesha kwamba hakuna mahali pazuri kuliko kisima cha bibi.

"Kwa hiyo mnataka niwashe pampu?" mama mkubwa aliuliza.

"Ndiyo. Ila maji hayataenda kwenye ndoo. Yatapita kwenye bomba, yarudi kiwandani, kwenye matangi yenye chenga za chuma. Chuma kinaikamata kromu."

"Na hicho kisima kitakuwa bado changu?"

"Kitakuwa chako."

Alifikiri kwa muda mrefu, pengine zaidi kwa ajili ya kututesa. Akakubali, kwa sharti kwamba funguo akae nazo yeye na kwamba kibao cha kumtaja mwenye kisima kiandikwe vizuri. Siku hizi mgeni akifika hapewi hata kiti kabla hajaonyeshwa bomba. "Sumu yote ya kiwanda naivuta mimi," husema, na wageni kutoka Mgeta kule milimani, waliomletea karoti na kabichi, humtazama kwa heshima iliyochanganyika na wasiwasi.

Udongo mbaya kuliko wote tuliuchimba, tukaukusanya sehemu moja, tukaufunika kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, tukapanda nyasi juu. Hatujamaliza, na kazi hizi huwa haziishi haraka. Lakini mwezi uliopita kiongozi aliitisha mkutano akasoma majibu mapya, na namba zilikuwa zimeshuka katika kila kisima. Watu walipiga makofi. Mwalimu aliomba dua. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukunja meza.

Ndipo mzee mmoja wa mtaa wa juu akanyoosha mkono kuuliza kama mbuzi wake wanaweza kula nyasi zile nzuri tulizopanda. Kiongozi akasema hapana. Mzee akauliza, je, wakipita tu bila kula? Kiongozi akauliza mbuzi gani anapita kwenye nyasi bila kula. Watu wakagawanyika pande mbili, kila upande ukitoa mifano ya mbuzi unaowafahamu, na nilipoondoka kwenda kupakia vifaa kwenye gari, kiongozi wetu alikuwa ametoa buni mfukoni na kuanza kutafuna.