Nyuma ya Landrova

Theluji ikianguka London siku hizi, wajukuu zangu hunicheka. Wao wana magari marefu yanayosukumwa na magurudumu yote manne, na viti vinavyopata moto kama chetezo. Nikipanda nikashikilia mkono wa mlango, mjukuu wangu wa kike huniambia, "Don't worry, Bibi, gari yenyewe inajua." Inajua! Gari haijui kitu. Anayejua ni dereva, na mimi niliolewa na dereva.

Marehemu mume wangu, kabla hatujatoka Zanzibar, alikuwa akiendesha landrova ya Kilimo kule Pemba. Akiwapeleka mabwana shamba kwenye mikarafuu, katika njia ambazo masika huzigeuza uji. Miaka kadhaa baada ya mapinduzi tulitoka, kama walivyotoka wengi, na hapa London akapata kazi ya kupeleka mikate madukani kwa gari dogo jeupe. Alilidharau gari lile. Aliliendesha kila siku na hakulisifu hata mara moja.

Basi siku moja akaja nyumbani kwetu Walthamstow na landrova kuukuu ya kijani, turubai lake limetoboka, inanuka kondoo, kwa sababu mwenyewe wa mwanzo alikuwa mkulima. Mimi nilikuwa nimemwambia nataka kochi.

"Hii," akasema, akiipiga boneti kama anayempiga rafiki begani, "hii ndiyo gari."

"Gari ya kubebea mbuzi," nikamjibu. "Na mimi sipandi."

Nilipanda, bila shaka. Kipendacho roho hula nyama mbichi, na yeye gari nyingine hakuwa na haja nayo. Nilikuwa nikishuka kona moja kabla ya soko ili shoga zangu wasinione, kisha nikitembea na kikapu changu kama niliyekuja kwa basi. Jumapili alikuwa akilala chini yake barabarani, miguu nje, na jirani zetu Waingereza wakiruka miguu hiyo wakisema samahani. Leo natamani hata harufu ile ya kondoo.

Mama yangu alikuwa amebaki Unguja. Baba alichukuliwa katika miezi ile ya mwanzo baada ya mapinduzi, na hakurudi. Siku hiyo mimi nilikuwa shamba kwa bibi yangu. Niliporudi mjini niliambiwa baba kasafiri. Ndivyo ilivyokuwa ikisemwa katika nyumba nyingi wakati ule: kasafiri. Huulizi kasafiri kwenda wapi, wala na nani, wala kwa chombo gani. Nikakua naujua ukweli bila ya kuambiwa, na mama hakunisimulia hata siku moja. Tulikuwa tukipendana, lakini jambo lile lilikaa kati yetu kama mtu wa tatu mezani, tunampisha tu.

Mama aliomba kusafiri mara nyingi akikataliwa, mpaka mwaka mmoja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, ikaja simu kwamba amepewa pasipoti na anakuja. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Nilitaka kitu kimoja tu: mama awe karibu yangu kweli, siyo kwa salamu za barua, "sote wazima, hofu kwenu."

Kwetu mgeni hapokewi na mtu mmoja. Tulijipanga kwenda kundi zima, watu wa Walthamstow, watu wa Edgware Road, na sufuria la pilau. Lakini siku ya mama kufika kuliamkia theluji ambayo sikupata kuiona tangu nije nchi hii. Treni zikasimama. Redio ikawa inasema watu wakae majumbani. Simu ikalia asubuhi nzima, mmoja baada ya mwingine akijitoa. Aliyebaki ni mmoja, bibi wa Kihindi wa Kenton, mzaliwa wa Unguja mjini, Kiswahili chake kizuri kuliko changu na magoti yake mabovu kuliko ya mtu yeyote.

"Mgeni atoke Unguja asikute uso wa kumlaki?" akanikaripia kwenye simu. "Nipitieni."

Mimi nilikuwa nazunguka jikoni nikiapa kuwa mama atakufa kwa baridi pale uwanja wa ndege. Mume wangu alikuwa na furaha ya mtoto wa Idi. Alikuwa keshaiosha landrova tangu jana yake, keshaipaka nta, hata matairi.

"Kochi lako lingefika Heathrow leo?" akaniuliza.

Nikamtupia kofia yake. Akanieleza akiwa anavaa viatu, safari hii bila ya utani, "Nataka mama akitoka tu mlangoni, katika nchi hii ngeni, kitu cha kwanza kukiona kiwe kitu anachokijua."

Nilimpenda sana kwa maneno yale. Nayasema leo kwa sababu siku ile sikumwambia.

Alipiga magoti kwenye theluji, akazungusha kwa mkono vifungo vya magurudumu ya mbele. Ndani akabonyeza kirungu kimoja cha manjano, ili magurudumu yote manne yavute. Akaweka gia ya pili, na gari ikatoka mtaani kwetu taratibu, kati ya magari yaliyofunikwa yote kama maiti. "Tope na theluji ni ndugu," akanifundisha. "Usikanyage breki, usiikaripie injini. Mwenda pole hajikwai." Barabara kubwa ya North Circular ilikuwa imejaa magari yaliyotupwa ubavuni na wenyewe wakaenda kwa miguu. Sisi tukapita. Watu walitupungia mikono, na mimi, niliyekuwa nikishuka kona moja kabla ya soko, nikawapungia kama malkia.

Kisha kwenye mteremko mmoja alisahau, akakanyaga breki. Landrova ikazunguka polepole, bila kelele, tukasimama tukitazama tulikotoka. Aliweka mikono juu ya usukani kwa muda.

"Tope hukushika," akasema. "Hii inakuachia."

Hakunifundisha tena kitu mpaka Kenton, ambako yule bibi alipanda na birika la chai ya tangawizi na mablanketi, akakaa mbele pamoja nasi, magoti yake hayakunjiki. Tukafika uwanjani mchana, ndege imeshatua.

Mama alitoka na buibui lake, sweta la kiume juu yake, na kikapu cha ukili mkononi. Alikuwa amepungua. Nilimkumbatia nikasikia udi shingoni mwake, na nikalia mbele ya watu bila haya yoyote. Mume wangu akambusu mkono, "Shikamoo Mama," akachukua mizigo akatangulia kutuletea gari mlangoni. Alikuwa na haraka ya kuuona uso wa mama.

Aliuona. Mama alitoka nje, theluji ikimwangukia, akaiona landrova, akasimama.

"Hamna gari nyingine?" akaniuliza.

"Mama, leo hakuna hata treni."

Akatazama nyuma, pale turubai lilipofunguliwa kutiwa mizigo, na mabenchi mawili yaliyoelekeana. "Mie huko sipandi," akasema.

Nilikuwa nimechoka, vidole vinauma, hasira zangu ziko karibu siku zote. "Mama, panda tuondoke! Mwenzio kaiosha kutwa kwa ajili yako."

"Ndiyo hii," mama akasema, sauti ya chini. "Ndiyo gari waliyomchukulia baba yako. Walimpandisha nyuma. Mie nilikuwa nimesimama barazani."

 Mume wangu alivua kofia, theluji ikawa inamwangukia kichwani. Hapo ndipo nilipoelewa: alitafuta kitu cha kwao cha kumpa mama, na landrova kwake ilikuwa mikarafuu na mvua na ujana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Tungejuaje, na neno lenyewe lilikuwa kasafiri?

"Nisamehe, Mama," akasema. "Nilidhani utafurahi."

"Hukujua, baba. Nani angekwambia?"

Yule bibi wa Kenton ndiye aliyetutoa. Alimshika mama mkono akamwambia, "Dada, mbele kuna viti vitatu. Huku nyuma usikutazame. Njoo ukae kati yetu." Mama aliitazama theluji, akanitazama mimi ninavyotetemeka, akapanda mbele. Nyuma nikapanda mimi, pamoja na mizigo.

Nyuma kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Turubai lilikuwa likipigwa na upepo, na kila gari ilipotikisika benchi lilinirusha. Mbele yangu nilikuwa nakiona kisogo cha mama, hakigeuki. Nikaweka mkono wangu juu ya bati la benchi. Kwa mara ya kwanza nikamfikiria baba yangu amekaa, siyo amesafiri. Amekaa, magoti yake hivi, mikono yake hivi, akiona nyumba yake inabaki nyuma. Nililia kimya kimya, nikidhani injini imenificha.

"Simamisha, baba," mama akasema.

"Mama, hapa ni kilima. Nikisimama huenda tusiondoke."

"Simamisha."

Akasimama. Yule bibi alishuka na magoti yake akilalamika kwa Mungu, ili mama apite. Mama akazunguka gari akishikilia ubavu wake, viatu vyake vya Unguja vikizama. Nilifungua turubai nikampa mkono. Alisita mguu mmoja juu, mmoja chini. Kisha akapanda. Hakukaa benchi la pili. Alikaa ubavuni pangu, akatoa kanga kwenye kikapu akatufunika sote wawili.

"Baba yako alikaa huku peke yake," akasema. "Hana mtu wake. Wewe hutakaa peke yako."

Mbele mume wangu alivuta mkono mwekundu wa gia ya nguvu, ya kupandia vilima. Magurudumu yakazunguka bure, tukateleza nyuma kidogo, yule bibi akaanza kusoma dua zake za Kihindi. Kisha gari ikashika. "Uzito umekaa nyuma!" mume wangu akapaza sauti. "Itapanda!" Na ikapanda.

Njia nzima mama alinisimulia. Shati alilovaa baba siku hiyo, jeupe, halijapigwa pasi vizuri, na jambo hilo lilikuwa likimuuma mama mpaka siku ile. Jinsi baba alivyoomba arudi ndani kuchukua miwani yake akakataliwa. Jinsi yeye mama alivyomtazama mpaka gari ilipokata kona. Sikupata kuyasikia hayo kabla, na nilimshika mkono kwa nguvu kama ninavyoushika mlango wa gari za wajukuu zangu.

Tulipofika Kenton yule bibi akashuka kwake. Mume wangu alikuja nyuma, ndevu zake zimeganda, akafunua turubai kwa adabu.

"Mama, mbele sasa pana nafasi. Njooni kwenye joto."

Mama akavuta kanga ikanifunika vizuri begani.

"Endesha, baba," akamwambia. "Huku tuko wawili."