Khitma Niliyoigeuza Harusi

Nina ADHD, hali ya akili kutotulia. Daktari wa chuoni aliniambia kuwa ujumbe hukaa kichwani mwangu dakika chache tu, kisha jambo jingine huja likaukalia. Nilimshukuru, nikasahau kumwambia mama.

Nilipokuja Amu, kisiwani Lamu, likizoni, mama alinituma mtaa wa Wiyoni nikawaalike marafiki zake, nyumba sita, kwenye khitma, kisomo cha kumwombea marehemu babu, kesho yake. Kwetu mwaliko hupelekwa kwa mdomo, mlango kwa mlango. Kumwalika mtu kwa simu ni kumdharau.

"Usisahau ndiani," mama alisema. Njiani nilikariri vizuri sana.

Nyumba tatu za kwanza nilisema khitma. Hiyo ya tatu, Bi Zuhura alinikalisha, akanipa maji ya ukwaju, akanionyesha nguo za harusi ya mwanawe, moja baada ya moja. Nilipotoka, kichwani mwangu ilibaki harusi tu.

"Mama awaalika harusini, kesho baada ya alasiri," nilisema nyumba ya nne.

"Harusi ya nani?"

Swali lilikuwa zuri. Nikasema, "Yetu." Nyumba mbili za mwisho nilisema vivyo hivyo.

Siku ya pili tulikuwa tumekaa mkekani, kila mtu na juzuu yake ya Kurani, tunasoma. Mlangoni vikasikika vigelegele. Wakaingia wanawake wa nyumba tatu, hina mikononi, asmini kichwani. Vigelegele vikakatika.

"Bi harusi yuko wapi?" mmoja akauliza polepole.

Mama alifunga juzuu yake, akaibusu, akaninyooshea kidole.

"Huyu hapa."