Magoti ya Fundi na Turubai la Mistari

Ukitaka kujua mtu anafanya kazi gani, usimtazame mikono. Tazama suruali yake ilipotoboka. Nimepakia kuni kwenye meli za mto, nimechuma kahawa, nimepasua mbao, na kila kazi ilikula nguo yangu mahali pake. Kuni hula mapaja. Usukani hula makalio. Kupaka rangi nyumba hula magoti, jambo ambalo watu hawaliamini, kwa sababu wanadhani mpaka rangi hushinda juu ya ngazi.

Kisangani mvua hainyeshi tu, inapiga. Inarusha udongo mwekundu ukutani hadi juu ya goti, na ndiyo maana nyumba nyingi zina ukanda mweusi chini ya ukuta, ili uchafu usionekane. Ukanda huo hupakwa kwa magoti. Anayekupa nyumba ya kupaka amekupa pia safari ya kuizunguka nyumba hiyo kwa magoti, juu ya changarawe.

Kazi hii nilifundishwa na fundi mmoja wa Kabondo, Mwislamu wa ukoo ulioingia mjini zamani kwa biashara. Mimi ni mtoto wa mto, wa upande wa Isangi, Mkristo, niliyeacha shule mapema kwa sababu mwalimu alichoka kuulizwa kwa nini. Fundi hakuchoka. Nilimwita papa, na mke wake nilimwita mama. Nilianza kwake mwaka wa uhuru, wakati nyumba zilikuwa zinabadilisha wenyewe, na kila mwenyewe mpya alitaka rangi ya mwenzake ifunikwe upesi. Kazi haikukosekana.

Suruali yangu ya kwanza ya kujichagulia niliipata sokoni, kaki ya askari, nzito, imeshonwa mara mbili kila mshono. Niliipima kama ninavyopima nguo ya kazi hadi leo. Niliishika juani, haikupitisha mwanga. Niliisugua kwa jiwe, haikutoa nyuzi. Nilivuta mshono kwa mikono miwili, ukakaa kimya. Nikaivaa kwenda kazini nikijiona mtu.

Fundi aliigusa pindo. "Bon. Nguo iko nguvu. Lakini kaki iko nguo ya mwenye kuamuru ao mwenye kuamuriwa. Weye iko nani?"

"Mimi niko mupaka rangi, papa."

"Kaki haijui ile."

Nilicheka. Suruali ile ilinitumikia vizuri, hata magotini ilichelewa kuchoka. Kisha waasi wakaingia mjini, na vizuizi vikawekwa barabarani. Karibu na daraja la Tshopo kijana mmoja mwenye bunduki aliiangalia suruali yangu kuanzia chini kwenda juu.

"Ile patalo ulitosha wapi?"

"Ku soko."

"Na mwenye patalo iko wapi?"

Sikujua, na nilielewa kwamba kutojua hakutanisaidia.

"Vula."

Niliivua. Nilitembea hadi Kabondo nikiwa na chupi, ndoo ya rangi mbele yangu, nikiihamisha kila nilipokutana na mama fulani. Mke wa fundi aliponiona alicheka hadi akakaa chini, halafu akanipa kitenge nijifunge. Fundi alisema tu, "Kaki imekuacha kabla weye uiache."

Serikali iliporudi, kuta za mji zilikuwa na matundu, mengi yakiwa chini kabisa, usawa wa mtu aliyelala. Tukaziba, tukapaka. Siku nzima tulikuwa kwenye ukanda mweusi. Hapo ndipo nilipoona kwamba fundi hapigi magoti tena kama zamani. Alikuwa anajishusha kando ya ukuta polepole, mkono mmoja ukutani, kama watu wanaoteremsha kabati. Nilimwuliza, akasema mvua.

Mchana mmoja alinituma nyumbani kwake kuchukua brashi ndogo. Mkewe alinishika mkono akanionyesha pembe ya chumba. Pale mkeka wa sala ulipokuwa, pembeni yake kulikuwa na kigoda.

"Unaona? Papa yako anasali ku kiti. Ku musikiti haende tena, anaogopa watamuletea kiti mbele ya watu. Miaka yote iko safu ya kwanza. Ramadhani inafika, na kisha Idi. Weye mwenye kuuliza-uliza, tafuta kitu."

Nilirudi nikamwambia fundi kwamba ukanda wa chini nitaupaka peke yangu.

"Alors, mimi nitapaka nini? Mawingu?" Alichovya brashi, akavuta mstari, mweusi chini na mweupe juu, umenyooka bila kamba. Halafu akasema bila kunitazama, "Magoti iko mbili, kazi iko mbili. Ukuta inakula muchana muzima. Mungu anapata masalio."

Hakuweza kuacha ukuta, kwa hiyo ilibidi ukuta uache magoti. Nilianza kutafuta, na sijawahi kufurahia kutafuta kitu kama hicho.

Nilijaribu kwanza mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, umekunjwa na kufungwa nyuma ya goti. Fundi aliuvaa nusu siku. Jasho lilimjaa, mpira ukateleza, na kamba zikamkaza hadi miguu ikafa ganzi. Somo la kwanza: usifunge kitu chochote nyuma ya goti. Nikajaribu mito midogo ya sufi. Asubuhi fundi alitabasamu, lakini ardhi ilikuwa mbichi, na kabla ya adhuhuri sufi imekuwa kama chikwanga, ule mkate wa muhogo, iliyoloa. Gunia lilishika changarawe na kuileta ndani. Tukalitupa.

Nikakumbuka nguo ya wazee wa msituni, ile ya gome la mti linalopondwa kwa nyundo hadi linalainika kama ngozi. Nyanya yangu alikuwa na kipande alichokalia akisafisha samaki. Hakikuoza. Nikapata kipande sokoni kwa mama mmoja aliyeshangaa kwamba kuna mtu bado anakitaka. Nilikikunja mara nne, nikapiga magoti juu yake kwenye kokoto, nikakaa hapo nikipiga filimbi. Kiliinama kidogo kisha kikagoma. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kinachoinama sana hakikusaidii, goti linafika chini tu kwa kuchelewa.

Sasa gome lilihitaji kukaa mahali bila kufungwa, na mahali hapo ni mfuko ndani ya suruali. Lakini suruali ya nguo gani? Fundi alikuwa na moja ya kijivu iliyobaki viraka vikishikana mikono. Kitambaa kizito mjini kilikuwa kaki, au turubai la kijani la malori ya jeshi, na mimi nilikuwa nimeshamaliza shule hiyo.

Jibu lilitoka kazini. Tulipewa nyumba ya kando ya mto, na mkubwa mmoja aliyeingia humo alitaka veranda ipakwe upya. Juu ya veranda kulikuwa na turubai la kuzuia jua, la mistari ya machungwa na nyeupe, limechanika upande mmoja. "Mutoshe ile, mutupe," alisema. Nililishusha. Nililishika juani, nikalisugua kwa jiwe, nikalivuta. Lilikuwa limekaa nje miaka ya jua na mvua, na bado lilinishinda nguvu.

"Papa, patalo yako iko hapa."

Fundi aliliangalia. Ni mtu aliyekuwa akipiga pasi hata shati la kazi. "Mimi nifanane na veranda?"

Mkewe alikuwa ameshatoa mkasi. "Veranda inasimama," alisema. "Weye unaanguka."

Alishona kwa cherehani yake suruali mbili, ya fundi na yangu, mifuko ya magoti ikifunguliwa kwa juu ili gome litolewe na kukaushwa. Jaribio la kwanza lilikuwa kosa langu. Nilikuwa nimepima goti fundi akiwa amesimama. Alipoinama ukutani suruali ilipanda, gome likapanda nayo hadi pajani, na goti likabaki uchi juu ya changarawe. Suruali ya mpaka rangi hupimwa mtu akiwa amepiga magoti. Leo nasema hivyo kama mtu aliyezaliwa akijua, lakini siku ile ilibidi nimwombe.

Hakutaka. Kupiga magoti ukutani ni kazi, hakuna anayekutazama. Kupiga magoti katikati ya chumba, mkeo na chaki mkononi, ni jambo jingine. Alisimama pale na mistari yake ya machungwa, akakohoa, akaangalia kigoda. Mkewe alitandika kitenge chake sakafuni, yeye mwenyewe akapiga magoti upande wa pili, akangoja. Basi fundi akashuka. Ilichukua muda. Alipofika chini walikuwa uso kwa uso.

"Chora," alisema. Mkewe akachora.

Asubuhi ya kwanza tuliyovaa suruali zile tulisimamishwa kwenye kizuizi cha barabara ya Simi-Simi. Safari hii walikuwa askari wa serikali. Mmoja wao alituzunguka.

"Papa, sherehe iko wapi?"

"Iko kazi," fundi alisema.

"Na ile patalo?"

"Iko ya jua na ya mvua."

Askari mwingine, aliyekaa kwenye gurudumu, alisema, "Waache bapite. Hii hata sisi hatutaki." Wakacheka wote, na tangu siku hiyo walitupungia mkono tukiwa bado mbali. Nimevaa nguo nyingi imara, lakini hiyo ndiyo pekee ambayo hakuna mtu mwenye bunduki aliyewahi kuitaka.

Magoti ya fundi hayakupona kwa siku moja. Wiki za kwanza uvimbe ulipungua usiku, ukarudi adhuhuri. Kisha ukachelewa kurudi. Ramadhani iliingia, akafanya kazi akiwa amefunga, mstari wake haukutetemeka. Sikumwuliza alikuwa anasalije. Hata mimi kuna maswali ninayoyaacha.

Siku ya Idi nilialikwa kula. Niliwahi, nikasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya msikiti, ambako safu zilikuwa zimefurika hadi nje. Watu wa safu ya kwanza sikuweza kuwaona, walikuwa ndani. Nilizitazama safu za nje zote, mgongo kwa mgongo, na nikaangalia pia karibu na mlango, mahali ambapo mtu angeketi kwenye kiti. Hakuwapo popote. Nikaenda Kabondo nikidhani amebaki nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mkewe tu, akipakua wali. "Papa ameenda mapema," alisema, "mbele ya wote. Kaa."

Wageni wakaanza kuingia, wengi, na viti vilikuwa vichache, nikaenda pembeni kuchukua kigoda. Hakikuwa kando ya mkeka. Kilikuwa nyuma, ukumbini, chini ya kopo la rangi nyeusi, na rangi ilikuwa imechuruzika na kukauka, kopo na kigoda vimeshikana.

Fundi aliingia na kanzu yake nyeupe, mbele ya magoti ina vumbi mahali pawili. Akanikuta navuta kopo.

"Acha," alisema. "Ile kiti imepata kazi."

Nikakaa chini kwenye mkeka, pamoja na wengine.