Darubini ya Kusoma Namba za Malori

Ukitaka kunipandisha mori, nitajie darubini. Si lazima iwe yetu. Yoyote tu.

Kijiji chetu kimepakana na mbuga, si mbali na Mtito Andei, na ndovu wakitoka kichakani wanakuja moja kwa moja kwenye mashamba yetu. Kamati ya kijiji ilinichagua niwe mlinzi wa jioni. Napanda jukwaa la mbao, naangalia ukingo wa kichaka, na nikiona ndovu nawapigia watu simu wajifungie ndani. Kazi hiyo inataka darubini. Basi tukaenda kununua, wazee watatu wa kamati na mimi.

Sasa sikiliza. Mimi nilifanya usafi miaka saba katika hoteli ya watalii mle mbugani, na madereva wa watalii ndio walionifundisha. Darubini ina namba mbili. Ya kwanza ni mara ngapi inakivuta kitu karibu, ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Jibu likiwa kubwa, jua likizama bado unaona. Likiwa dogo, giza likianza tu umepofuka. Na darubini ikivuta sana, mkono ukitetemeka kidogo kila kitu kinaruka. Hesabu ya darasa la nne hiyo, si uchawi!

Mwenye duka, mzee wa Kisomali mwenye upole, alituwekea mbili juu ya kaunta. Moja ya nane kwa arobaini na mbili, nyingine ya ishirini kwa hamsini. Bei ileile. Ile ya ishirini ilikuwa na boksi lenye picha ya mzungu aliyemlenga swara kwa bunduki.

"Hii ndiyo ya wawindaji!" mwenyekiti akasema, macho yakimng'aa.

"Kwani sisi tunawinda nini, mzee?" nikamuuliza. "Ndengu zetu wenyewe shambani?"

Akaichukua ile ya ishirini. Aliegemeza viwiko kwenye kaunta, saa saba mchana, jua la kukaanga, akaielekeza barabara kuu. "Ala! Nasoma namba ya lori kule kituo cha petroli!" Wenzake wakapokezana, kila mmoja na lori lake, utadhani tunalinda malori.

"Mtaitumia saa ngapi, wazee wangu?" mwenye duka akauliza. "Kama ni jioni, rudini jioni mzijaribu zote mbili hapo nje."

"Mmesikia?" nikasema.

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe mama, ulikuwa unatandika vitanda vya watalii. Mambo ya darubini umeyajulia wapi?"

Wakacheka. Nami nikanyamaza. Nilinyamaza, haki ya Mungu, na mpaka leo najiuma vidole.

Wakainunua ile ya ishirini. Juu ya jukwaa hakuna kaunta ya kuegemea. Picha ilicheza kama maji kwenye beseni, na jua likishuka tu, weusi mtupu. Wiki ya kwanza nilimwendea mwenyekiti nje ya kanisa nikamweleza. Akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Kama macho yamezeeka, useme tutafute mwingine!" Watu wakacheka tena, na Biblia zao kwapani. Siku hiyo niliapa kwamba hawatanisikia tena nikisema sioni.

Mama yangu anaishi peke yake, na shamba lake ndilo la mwisho kabla ya kichaka. Ndengu zake zilikuwa zimeiva, ameanza kuvuna. Jioni moja, saa moja kasorobo, akanipigia simu.

"Mwanangu, kuna kitu cheusi kimesimama kwenye ndengu. Hebu niangalizie."

Nikaangalia. Nikabana viwiko kifuani, nikazuia pumzi, wapi! Kitu cheusi kinaruka ndani ya kioo. Kilikuwa na masikio, ama lilikuwa tawi. Jirani yake ana punda wawili asiowafunga, mtu mzembe yule. Ningesema sioni. Neno moja tu, na mama angekaa ndani. Lakini nilisikia kile kicheko cha nje ya kanisa.

"Ni punda wa jirani," nikamwambia.

"Wacha nikawafukuze," akasema, akakata simu.

Ndovu alimrusha. Majirani walimpata akiwa hai, nyonga imevunjika, na tangu siku hiyo hajasimama.

Kamati ikakaa. Ati mlinzi alikosea! Nikawachorea hesabu mchangani kwa kijiti, hamsini gawanya kwa ishirini, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakanitazama tu kama mtu aliyerukwa na akili. Walichobadilisha ni mlinzi. Darubini ikabaki, na mwenyekiti bado anawaonyesha wageni malori.

Nawachukia, sifichi. Kila asubuhi nikienda kumgeuza mama kitandani, nawatukana njia nzima kimoyomoyo, mmoja mmoja.

Yeye hajawahi kunigombeza. Juzi nilikuwa nikimpangusa mgongo, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani siku ile uliwaona hao punda?"

"Hapana, mama. Sikuwa naona kitu."

"Sasa si ungeniambia tu," akasema.