Fundo kwenye Ufito

Gari lile nililijenga mwenyewe, uani kwetu Msambweni, na sioni haya kulisema. Diploma yangu ya ufundi wa magari nilijilipia kwa jasho la gereji za Ghuba, na niliporudi sikuhitaji mtu wa kunishika mkono. Injini ndogo ya gari kuukuu la saluni niliitia turbo, kile kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini ili ivute kwa nguvu. Nitafutie mwingine aliyefanya hivyo kati ya Diani na Vanga.

Asubuhi ile habari zilikuja kutoka Kwale kwamba dada yake mama, aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu, ameacha kula na anamwulizia mama. Tukaingia garini. Kwenye mwinuko wa kwanza, sindano ya geji ya turbo ilipita kikomo nilichokiweka, injini ikajikata yenyewe isipasuke, gari likashtuka kama mtu aliyepaliwa. Nikajaribu tena, yakawa yale yale. Mlima wa kutoka Kombani haupandwi hivyo. Nikageuza.

Jirani yetu, mwenye teksi, alituona tukirudi.

"Injinia wa Ghuba! Gari limeshikwa na pumu?"

"Lina nguvu kupita kiasi."

"Basi lipunguzie ugali." Kisha akamtazama mama, akaacha mzaha. "Shikamoo mama. Nikupeleke mimi?"

"Marahaba. Mwanangu atanipeleka."

Akakaa barazani na buibui lake, akivuta tasbihi. Nilimwomba jirani asiende mbali: ikiadhiniwa adhuhuri sijamaliza, amchukue.

Presha ya turbo huzuiwa na kilango kidogo. Hewa ikizidi hujaza kikopo, kikopo husukuma ufito, nao ufito hufungua kilango ili moshi upite kando, usizidi kuizungusha turbo. Nilikagua paipu za mpira. Hazikuwa na ufa. Nikachomoa ile ya kwenye kikopo, nikachomeka pampu ya baiskeli. Hewa haikuvuja, lakini ufito haukusogea. Asiyesoma angenunua kikopo kipya. Mimi nilijua kikopo ni kizima, na kwamba kuna kitu kinaushika ufito.

Nikapitisha mkono chini, mahali macho hayafiki. Vidole viligusa kitambaa.

Ilikuwa hirizi ya kaniki, imefungwa kwa mshipi wa kuvulia uliobana ufito pamoja na chuma kilichoushikilia, fundo juu ya fundo. Fundo lile nalijua. Ni la wavuvi wa Bodo, kwa babu yangu mzaa mama, na halilegei.

Siku chache nyuma nilikuwa nimemfungulia mama boneti. "Nguvu yote ya gari hili imeshikwa na ufito huu," nilimwambia. "Huu ukiharibika, kwaheri." Akainama. "Huu?" Nikasema, "Huu."

Nilikata mshipi, nikampelekea hirizi barazani.

"Umeikata," akasema.

"Ilikuwa imeufunga ufito, mama. Lazima utembee."

"Mimi nilitaka usitoke mahali pake. Watu wanaliangalia sana gari lako, nawe hunyamazi." Akaikunja kiganjani. "Baba yako alitoka hapa na lori zima, halina kasoro."

Baba hakurudi tena, wala lori lile. Nilimfungulia mlango, nikamwonyesha chuma cha chini ya kiti chake. "Funga hapa. Hapa hakuna kinachotembea." Alifunga mwenyewe, polepole, midomo ikisoma. Adhana ilianza kabla hajamaliza. Jirani akasogea na funguo zake mkononi.

"Tunakwenda," nikamwambia. Akazirudisha mfukoni.

Kombani nilikanyaga mafuta, tukaushika mlima. Sindano ilipanda, ikasimama palepale nilipoiagiza isimame. Mama hakuitazama, mkono wake ulikuwa chini ya kiti.

Mgonjwa alifumbua macho tulipoingia.

"Umekuja na nani?"

"Na mwanangu. Gari kalijenga mwenyewe."

"Kubwa?"

"Dogo. Lakini linapanda."

Akatabasamu, akamshika dada yake mkono. Alfajiri iliyofuata tulimpoteza. Wengi wamelisifu gari lile, nami huwaacha walisifu. Chini ya kile kiti sijagusa.